Jina la Kati

Ukitaka kunikasirisha asubuhi kabla sijanywa chai, nionyeshe herufi iliyominywa. Dodoma siku hizi zimejaa. Kuanzia stendi mpaka mitaa ya ofisi mpya, kila ukuta una bango la plastiki, na kila bango lina herufi kubwa nene, ndefu, zimebanana bega kwa bega zikipiga kelele: PUNGUZO KUBWA, TUMEHAMIA HAPA, MKUTANO WA HADHARA, VYUMBA VINAPANGISHWA. Kelele zenyewe sina ugomvi nazo. Herufi nene zilizobana ziliumbwa kwa kazi hiyo, kusema jambo refu mahali pafupi na kusomwa na mtu anayepita. Ugomvi wangu ni na wale wanaochukua herufi pana ya kawaida, wanaikamata pembeni kwa mausi ya kompyuta na kuisukuma mpaka iingie. Herufi iliyozaliwa nyembamba na herufi iliyominywa ni vitu viwili tofauti. Mtu mwembamba anapita mlango mdogo kwa raha zake; mnene akisukumwa na watu kwa nyuma atapita pia, lakini mtazame uso anapotokea.

Najua ninachosema. Nililelewa na mtu aliyekuwa akiziumba kwa brashi, kisha nikaajiriwa kuziminya.

Mtu huyo alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Mama alipofariki nikiwa darasa la pili, mjomba alikuja Mlali na begi moja, akanichukua nikakae naye Kikuyu, pale mjini. Aliniita "mama" kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Kazi yake ilikuwa kuandika mabango na magari, na ukimwita msanii alikunja uso. Alisema yeye ni fundi, kama fundi wa baiskeli.

Msimu wa mahindi alikuwa akishinda Kibaigwa. Malori yanapanga foleni pale kusubiri kupakia, madereva hawana la kufanya, na wenye magari wanataka maneno. Ubao wa nyuma wa lori ni mbao kadhaa zilizolazwa, na mjomba hakuandika juu ya ufa wa mbao mbili, kwa kuwa rangi hapo haidumu. Kwa hiyo mstari mmoja ulikaa ndani ya ubao mmoja. Urefu wa herufi ukawa upana wa ubao, hauongezeki. Na maneno waliyotaka wateja yalikuwa marefu: sentensi nzima ya kumsuta jirani, au shukrani kwa Mungu na kwa mama mzazi na kwa kijiji kizima. "Kiswahili ni kirefu, mama," alikuwa akiniambia, "na lori halirefuki." Ndipo akaunda herufi zake.

Kwenye kila herufi alitaja sehemu tatu. Mstari uliosimama aliuita nguzo. Mstari uliolala aliuita pau. Uwazi wa ndani, kama ule wa O au wa B, aliuita tumbo. Nguzo ilikuwa nene sawasawa na brashi yake bapa, mpigo mmoja kutoka juu hadi chini bila kurudia. Pau ilikuwa nyembamba kuliko nguzo, hapo ndipo palipokuwa na siri, maana pau ikinenepa herufi inakosa pumzi. Tumbo lilikuwa nusu ya nguzo. Na nafasi kati ya herufi na herufi ilikuwa sawa na tumbo, hivyo ukiliangalia neno lote kwa mbali lilionekana kama ua wa miti uliopandwa na mtu makini. O yake haikuwa duara. Ilikuwa nguzo mbili zilizopinda kidogo juu na chini zikakutana. M aliiruhusu kupanuka. Alisema M ina miguu minne, si haki kuipa chumba cha mtu mmoja.

Haya yote alinifundisha kwa chaki, kwenye mlango wa bati wa choo chetu, na nilipokosea alifuta kwa kiganja.

Lakini kazi aliyoiheshimu haikuwa malori. Ilikuwa misalaba. Jirani yetu Kikuyu alikuwa fundi seremala, mtengeneza majeneza, na mjomba ndiye aliyemwandikia misalaba. Kazi hiyo haina kesho. Mtu anazikwa saa tisa, ubao unakuja saa tano, na rangi lazima iwe imeshika kabla gari halijaondoka. Mjomba alitia petroli kidogo kwenye rangi nyeusi ya mafuta ili ikauke upesi, akanyoosha uzi uliopakwa chaki, akapiga mistari miwili, akaanza. Jina la marehemu, jina la baba yake, jina la babu yake. Yote matatu, kwenye mkono wa msalaba, mstari mmoja.

Watu walimsihi apunguze. Jina ni refu, fundi, weka herufi ya kwanza tu hapo katikati, watu wanamjua. Hakukubali hata siku moja. Nilimsikia akimjibu baba mmoja mwenye haraka, kwa sauti ya chini kabisa: "Ukimkata mtu baba yake, umemzika nusu." Yule baba akaenda kukaa kwenye benchi la seremala.

Mimi nilikua nikiamini kwamba siri ya misalaba ile ni herufi. Kwamba mjomba angeweza kuingiza jina lolote kwenye ubao wowote, kwa sababu herufi zake zilijua kubana. Kwa imani hiyo nilimaliza shule, nikasoma kompyuta kidogo, nikapata kazi katika duka la uchapaji mjini. Siku ya kwanza nilipekua fonti zote zilizokuwemo hadi nikapata moja nene, iliyobana, isiyo na vikia kwenye ncha za herufi, inayofanana na mkono wake. Nilimchapia jina lake kwenye karatasi nikampelekea kwa furaha. Aliishika mbali na macho, akaichunguza nguzo kwa nguzo, akasema aliyeitengeneza ni fundi, ameiumba nyembamba tangu mwanzo. Akanirudishia na onyo: nisije nikaibana zaidi ya pale alipoiacha mwenyewe.

Niliibana. Naandika hapa wazi ili nisije nikajifanya mtakatifu. Misalaba ya seremala ilipoanza kuwekewa kibandiko cha kuchapa badala ya rangi, oda zilikuwa nyingi, na wafiwa hawana muda. Nikatengeneza faili moja la kudumu: fremu nyembamba ya kijivu, njiwa wawili kwenye pembe, na sanduku la jina katikati. Chochote utakachoandika mle, kompyuta yenyewe inakiminya kitoshe. Nguzo zinakonda, pau zinabaki nene, tumbo linazibika, O inakuwa kama yai lililokanyagwa na mbuzi. Nilikuwa naona. Jicho langu lilifundwa, haliwezi kusema halikuona. Na kwa majina ambayo hata kuminywa hayakuingia, niliandika maelekezo kwa mkono wangu nikayabandika ukutani juu ya mashine, ili wenzangu wasinisumbue: JINA LA KATI LIKIZIDI, WEKA HERUFI YA KWANZA NA NUKTA. Niliyaandika kwa herufi za mjomba, nzuri kabisa, nguzo na pau kwa kipimo chake.

Alikuja dukani mara moja tu. Nilimwagizia chai. Alisimama chini ya karatasi ile, akaisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yenyewe yalivyohitaji, kisha akaaga. Chai aliiacha. Mimi nikaudhika, nikajisemea mzee ana wivu na mashine, na tulikaa wiki mbili bila kuzungumza vizuri. Ningepewa kuirudisha siku moja ya maisha yangu, ningechukua hiyo.

Alipokuwa mgonjwa aliniambia jambo moja tu kuhusu mazishi yake. Msalaba wake niuandike mimi, kwa brashi. Nikamwambia aache maneno hayo. Akasema sawa, ameyaacha, lakini nimeyasikia.

Alifariki mjini, na ikaamuliwa azikwe kwao Mlali. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi alikuwa mwanawe mkubwa, binamu yangu, mtu wa ofisi, mwenye daftari na kalamu mfukoni. Nilimwambia kwenye simu kwamba msalaba naandika mimi. Alijibu "sawa, sawa" ya mtu anayesikiliza simu mbili. Nikatangulia Mlali siku moja kabla pamoja na wanawake wa kupika, nikabeba sanduku la brashi za mjomba, kopo la rangi na chupa ndogo ya petroli. Nilijua ubao utakuja mtupu na gari la maiti.

Gari lilifika saa sita mchana. Jeneza likashushwa, tukalia tulivyolia. Kisha wakashusha msalaba, wakauegemeza ukutani, karibu na vitu vya ndani vilivyokuwa vimetolewa nje kupisha waombolezaji: kabati, viti, kitanda chake cha mninga alicholalia akija kijijini, kilichofunguliwa vipande vipande. Niliwaona njiwa kabla sijaona jina.

Njiwa wangu. Fremu yangu ya kijivu. Jina la mjomba limeminywa mpaka S inaonekana kama uzi wenye fundo. Na katikati, mahali pa jina la baba yake, yule babu aliyenibeba mgongoni akinipeleka shamba, palikuwa na herufi moja na nukta.

Binamu alikuja akiwa na jasho la shughuli, akanishika bega. Aliniambia ameenda dukani kwetu kabisa, hakutaka kwenda kwingine, na wenzangu wamemhudumia vizuri, wakafuata maelekezo yaliyoko ukutani. Alidhani nitafurahi. Nilitaka kumpiga kibao. Sijawahi kumpiga mtu mzima maishani mwangu, na siku ile mkono ulikuwa tayari, kisha nikakumbuka mwandiko wa ile karatasi ni wa nani. Nikabaki na hasira isiyo na pa kwenda.

Nilianza kukibandua kile kibandiko kwa kucha. Binamu akaniuliza kama nina akili. Wanawake wakadhani ni uchungu wa msiba, wakaja kunishika. Niliwaambia waniache, kwa lugha ambayo haifai kusemwa msibani, na mchungaji alikuwa hapo anasikia. Sikuomba radhi na sitaomba.

Ubao ukabaki mtupu. Nikapiga uzi wa chaki, nikaanza kupanga herufi kwa chaki kwanza, kama alivyonifundisha. Jina lake likakaa. La babu likaanza vizuri. La tatu likagota ukingoni, zikabaki herufi tatu nje. Nikafuta, nikapunguza nafasi. Zikabaki mbili. Nikabana matumbo mpaka yakakaribia kuzibika, na bado moja ilikataa. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye vumbi, nimevaa kanga mbili, namtukana mjomba moyoni kwa kuniachia kazi bila kuniachia siri yake.

Seremala wa Kikuyu, yule jirani, alikuwa amekuja na gari la maiti kwa sababu jeneza alilitengeneza yeye. Alisimama nyuma yangu akitazama.

"Unahangaika na nini, mwanangu?"

Nikamwambia jina halitoshi.

"Halitoshi, ndiyo. Huo ni ubao wa kawaida." Alichuchumaa kando yangu. "Niliwauliza jina nikate mbao, wakaniambia jina liko kwenye karatasi, tengeneza wa kawaida tu. Mjomba wako miaka yote ile hakuwahi kuandika ubao wa kawaida. Alinitajia jina kwanza, ndipo nikashika msumeno."

Nilimtazama kama mtu aliyeniambia nina ndugu nisiyemjua. Miaka yote. Nimepita makaburi ya Kikuyu mara ngapi, na sikuwahi kugundua kwamba mikono ya misalaba ya mjomba haikulingana? Mmoja mfupi, mwingine mrefu kuuzidi kwa shubiri nzima, kila mmoja kwa jina lake. Nguzo hakuzikondesha kuliko zinavyostahili. Lori ni la mtu, halirefuki, herufi ilibidi ivumilie. Msalaba ni wa marehemu, ubao ndio ukatwe kumfuata. Tofauti hiyo ilikuwa mbele ya macho yangu toka utotoni, nami nikachukua nusu ya ufundi nikaenda nayo kwenye kompyuta.

Nikasimama nikakionyesha kile kitanda cha mninga. Seremala alielewa. Aliuchukua ubao mrefu wa ubavuni, akaupima kwa mkono wake kufuata chaki yangu, akaazima msumeno kwa jirani. Binamu alipoona kitanda cha baba yake kinakatwa mchana kweupe mbele ya wageni, alikuja mbio na daftari lake. Ratiba, alisema. Ibada saa nane, kaburini saa tisa, kuna watu wa mjini wanarudi leo, mchungaji ana mazishi mengine kijiji cha pili. Akasema kitu ambacho nadhani alikuwa nacho muda mrefu, kwamba mimi ni mpwa tu, watoto wapo.

"Zikeni," nilimwambia. "Mimi naandika."

Wakazika. Nilisikia wimbo ukienda kaburini, ukipungua kadiri watu walivyosogea nyuma ya nyumba. Nilibaki uani na seremala na masufuria. Nilisikia mchungaji akisoma, kisha kimya cha kutia udongo, na nikajua kwamba kila mtu wa damu yake anachota konzi yake isipokuwa mimi. Wakati huo nilikuwa kwenye jina la babu. Nguzo, mpigo mmoja. Pau, nyembamba. Tumbo, nusu ya nguzo. Machozi yalikuwa yanataka kutoka, nikayakataza, maana maji na rangi ya mafuta havikai pamoja. Jina lile lina M mbili, nami nikazipa zote mbili nafasi yake.

Tulifika kaburini mashada ya maua yameshaanza kuwekwa. Rangi ilikuwa bado mbichi. Watu walipoona urefu wa ile mikono wakaanza kunong'ona, na mmoja alisema, nikamsikia, kwamba unafanana na antena. Seremala akausimika. Binamu alisimama mbele yake, akalisoma jina lote taratibu, midomo ikicheza, na alipofika katikati akanyoosha kidole akagusa. Kikatoka cheusi. Alikifuta kwenye suruali yake ya suti.

Jumatatu nilirudi kazini nikaichana ile karatasi. Mwenye duka akaniuliza ndiyo nini, nikamjibu vibaya, akaniacha kwa sababu nimefiwa. Kisha nikafungua folda la misalaba. Yote iko mle. Kila jina tulilolichapa, moja baada ya jingine, njiwa wawili, fremu ya kijivu, na katikati herufi na nukta, herufi na nukta. Hakuna mtu mwingine wa kumkasirikia kwenye folda lile. Fonti haina kosa. Aliyeiumba aliiumba vizuri. Mashine hufanya inachoambiwa.

Namba za simu za wafiwa zimo kwenye vitabu vya oda. Nikaanza kupiga. Najitambulisha, naomba jina kamili la baba wa marehemu, namtajia seremala, anakata ubao, na Jumapili baada ya ibada naenda makaburini Kikuyu na brashi. Wengine wananishukuru. Wengine wananiuliza kwa nini nawaamshia machungu, nao nawaelewa. Mwenye duka anasema nachafua jina la duka. Kati ya mambo yote aliyowahi kusema, hilo ndilo linaloniudhi kidogo kuliko yote.

Mwezi uliopita nilikutana kaburini na mama mmoja mjane. Mumewe alitoka upande wa Chemba, alikuja mjini kijana kutafuta kazi, na ndugu zake hawakuwahi kuonekana, hata msibani. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu, nikamwomba anitajie ile herufi ya katikati ni jina gani.

Aliitazama ile herufi.

"Ndivyo nilivyomkuta," alisema. "Kazini kwake iko hivyo hivyo, kwenye kitambulisho iko hivyo hivyo. Mimi nilidhani nyinyi mlioandika ndio mnaojua."

Nilifunga kopo la rangi. Seremala, kila tukionana, ananiuliza lile jina la mtu wa Chemba lina urefu gani, akate ubao. Mpaka leo sijampa jibu.